Saumu ya Ziwa

Iko hadithi ya Mtume iliyopokewa na Abu Daud, ambayo wengi wetu tuliisikia kwanza tukiwa tumekaa mkekani, inayovitaja vitu vitatu ambavyo Waislamu ni washirika ndani yake: maji, malisho na moto. Walimu wetu waliieleza kwa wepesi. Usimnyime jirani maji ya kisima. Usimfukuze mbuzi wake kwenye majani ambayo hukuyaotesha wewe. Akija na kifuu kuomba kaa la moto, mpe. Somo likaisha, tukarudi nyumbani tumeridhika kwamba sisi si wachoyo.

Rumonge, mji wa Burundi kando ya Ziwa Tanganyika, ndipo hadithi hiyo iliponirudia, na iliporudi ilikuwa nzito zaidi. Ukisimama mwaloni asubuhi na kuelekeza uso magharibi, maji yako mbele yako mpaka jicho linapochoka, na siku isiyo na ukungu unaiona milima ya rasi ya Ubwari upande wa Kongo. Nyuma yako michikichi imejipanga kwenye uwanda wa Imbo, na nyuma ya michikichi miteremko ya Mumirwa inapanda kuelekea Bururi, ambako misitu iliyobaki bado inawapa makazi sokwe wachache. Moto nao umetapakaa: mitumbwi inarudi na taa zake zimezimwa, moshi unatoka kwenye mapipa ya kuchemshia ngazi, yaani matunda ya mchikichi, na mama mmoja anapuliza makaa chini ya sufuria ya uji wa wavuvi. Vile vitu vitatu vya hadithi vimekusanywa mahali pamoja, ndani ya mwendo wa saa moja kwa miguu. Nikajiuliza: ikiwa sote ni washirika, mbona kila mmoja hapa anajua fungu lake la kuchota, na hakuna anayejua fungu lake la kuacha?

Mji wenyewe uko kilomita 70 na ushei kusini mwa Bujumbura, kwenye barabara inayofuata ufuko kiasi kwamba abiria wa dirisha la kulia huenda wakitazama maji safari nzima. Ni mji wa mawese na ndagala, dagaa wa ziwa hili, adhana na kengele. Kiswahili chake kililetwa na biashara ya karne ya 19 iliyotoka Zanzibar kwa njia ya Ujiji, pamoja na Uislamu, na pamoja na mengine ambayo hatupendi kuyasimulia, maana katika misafara ile waliuzwa watu. Mwaka 2015 Rumonge ilifanywa makao makuu ya mkoa wake wenyewe. Miaka kumi baadaye mikoa ya Burundi ikapunguzwa ikabaki mitano, na Rumonge ikajikuta ndani ya Burunga. Mikoa huja na kwenda. Ziwa lililo mbele yake wanajiolojia hulikadiria umri wa miaka kati ya milioni 9 na 12.

Kwa mtu anayeswali, namba kama hizo ni dhikri ya aina yake. Kina cha juu kabisa cha Tanganyika ni mita 1,470. Ni ziwa la pili kwa kina duniani baada ya Baikal. Urefu wake unakaribia kilomita 670. Maji yaliyomo ni kama sehemu moja ya sita ya maji baridi yote yaliyo wazi juu ya uso wa dunia, ukiacha barafu. Burundi ina asilimia 8 tu ya ziwa hili, Kongo asilimia 45, Tanzania 41, Zambia 6. Lakini katika kina chote hicho, uhai unakaa juu juu. Ukishuka mita 100 au 200, kutegemea sehemu na majira, oksijeni inakwisha, na kutoka hapo hadi chini ni giza lisilo na samaki, zaidi ya kilomita moja ya maji ambamo hakuna kinachopumua. Kila ndagala anayekaangwa Rumonge, kila mukeke anayechomwa kwenye mikahawa ya Bujumbura, anatoka kwenye utando mwembamba wa juu. Tunaliangalia ziwa tukidhani ni ghala lisilo na mwisho, kumbe ghala lote liko kwenye kizingiti.

Jambo lililonisumbua zaidi ya yote ni namna maji yanavyotoka. Mito inayoingia ni mingi: Ruzizi kutoka kaskazini, Malagarasi kutoka mashariki, na vijito visivyohesabika kama Murembwe na Dama hapo hapo Rumonge. Mto unaotoka ni mmoja tu, Lukuga, pale Kalemie upande wa Kongo, nao hubeba kiasi kidogo. Sehemu kubwa ya maji yanayoondoka Tanganyika haiondoki kwa mto. Inapaa. Jua linayachukua, yanakuwa wingu, yanakwenda kunyesha mahali ambapo sisi hatutapajua. Na kinachopaa ni maji peke yake. Chumvi haipai, sabuni haipai, mafuta ya injini hayapai, wala mfuko wa plastiki. Wataalamu hukadiria kuwa tone likishaingia hukaa ziwani kwa wastani wa miaka zaidi ya 400 kabla ya kupata njia ya kutoka. Ukimwaga ndoo ya uchafu leo kwenye mfereji wa Rumonge, umewamwagia watu ambao mababu wa mababu zao hawajazaliwa.

Sina hakika kama sheria ya nchi inaweza kumfikia mtu mahali hapo. Sheria humshika mtu kwa yule aliyemdhuru, na hapa aliyedhuriwa hajawa mtu bado. Ni imani tu, nadhani, iliyozoea kumweleza mwanadamu kwamba ana madeni kwa watu asiowaona.

Imepokewa kwamba Mtume alimpitia sahaba wake Saad akitawadha, akamwambia asifanye israfu ya maji. Saad akastaajabu: kwani katika udhu nako kuna israfu? Akajibiwa kwamba ndiyo, hata mtu akiwa kando ya mto unaotiririka. Nimeisikia ikisomwa mahali pengi pakavu, ambako inaeleweka haraka. Maana yake nyingine huitambui mpaka uisikie kando ya Tanganyika, penye maji yasiyoweza kuisha kwa udhu wa watu wote waliowahi kuishi. Ikiwa kujizuia kunatakiwa hata hapa, basi sababu yake haiwezi kuwa uhaba. Sababu yake ni adabu. Unachukua kidogo kwa kuwa umesimama mbele ya kitu ambacho si chako.

Na ziwa hili lilikuwa na adabu yake kabla ya semina zozote. Ndagala huvuliwa usiku kwa taa. Mtumbwi unatoka magharibi ikiingia, unakwenda mbali na ufuko, taa zinawashwa juu ya maji. Wadudu wadogo wa majini hufuata mwanga, ndagala huwafuata wadudu, mukeke huwafuata ndagala, na wavu uliotandazwa chini huinuliwa. Ukiangalia kutoka ufukoni saa tatu za usiku, utadhani kuna mji mwingine ng'ambo ambao mchana haupo. Lakini mbalamwezi ikiwaka, taa hazina kazi. Mwanga umejaa kila mahali, samaki hawana sababu ya kukusanyika. Basi siku za mwezi mpevu mitumbwi hukaa mchangani, wavuvi wanashona nyavu, wanalala na wake zao, wanahudhuria harusi. Kila mwezi, bila agizo la waziri wala faini, ziwa lilikuwa linapumzika kwa kalenda ile ile inayotupa Ramadhani.

Hapo ndipo moto unapoingia katika habari hii, na unaingia kwa sura ambayo watetezi wa mazingira hawaipendi sana. Kwa miongo mingi taa ya mvuvi ilikuwa karabai. Ilikunywa mafuta ya taa, ilivuja majini, ilivunjika kioo, na gharama yake ilimlazimisha mtu kuhesabu. Siku hizi karabai zinaachia nafasi taa za LED za betri, nyingi zikichajiwa kwa sola. Hakuna moshi, hakuna mafuta juu ya maji. Kila mradi wa nishati jadidifu utakuonyesha picha ya taa hizo, na ni haki yake. Ila taa iliyokuwa ghali ilikuwa pia kizuizi. Taa isiyolipiwa mafuta inawaka mpaka alfajiri, na zinaweza kufungwa nyingi kwenye chombo kimoja, hasa kwenye zile katamarani kubwa ambazo wavuvi wa Burundi huziita apollo. Mkono wetu umerefuka, na umerefuka kwa nishati safi kabisa. Sisemi turudi kwenye karabai; aliyewahi kuungua na karabai hawezi kusema hivyo. Ninachosema ni kwamba usafi wa moto haumfundishi mwenye moto kiasi. Somo hilo linabaki pale pale lilipokuwa, moyoni, na hakuna paneli inayoweza kulichaji.

Sasa serikali zimejaribu kulifanya kuwa amri. Nchi nne za ziwa zilikubaliana lipumzishwe miezi 3 kila mwaka, kutoka katikati ya Mei hadi katikati ya Agosti, na Tanzania ililifunga upande wake mwaka 2024, kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti. Hayo ndiyo majira ya upepo wa kusini wa kiangazi, na upepo huo ni riziki yenyewe. Unayasukuma maji ya juu kuelekea kaskazini, ziwa zima linainama kidogo, na upande wa kusini maji ya chini, yale ya giza yasiyo na pumzi, yanapanda yakiwa na mbolea ya vyote vilivyokufa na kuzama. Kilichokufa kinarudi kuwalisha walio hai. Nimejaribu kuwaza mfano bora wa ufufuo unaofanyika kila mwaka mbele ya macho ya wavuvi, nikashindwa.

Tatizo ni kwamba upepo huo unazidi kushindwa kazi. Maji ya juu yanapopata joto yanakuwa mepesi, yanakaa juu ya maji baridi bila kuchanganyika nayo. Mwaka 2003 kundi la watafiti lililoongozwa na Catherine O'Reilly liliandika katika jarida la Nature kwamba uzalishaji wa mwani ziwani ulikuwa umepungua kama asilimia 20, na kwamba hilo lingeweza kumaanisha samaki pungufu kwa karibu asilimia 30. Mwaka 2016 Andrew Cohen na wenzake, wakisoma matope yaliyochimbwa chini ya ziwa, walionyesha kwamba mabaki ya samaki yalianza kupungua pamoja na kupanda kwa joto, kabla uvuvi mkubwa wa kibiashara haujaanza. Soma tena sentensi hiyo ukiwa umekaa na mvuvi wa Rumonge. Burundi ni miongoni mwa nchi zinazotoa hewa ya ukaa kidogo kabisa kwa kila mtu duniani. Aliyelipasha ziwa joto anaishi mbali, na ndagala hajawahi kumwona.

Kwa hiyo nina mashaka, na mashaka yangu ni ya kidini kabla ya kuwa ya kisiasa. Kufunga ni ibada tukufu. Lakini katika dini yetu mgonjwa na msafiri husamehewa, na mzee asiyeweza hulishiwa maskini badala yake. Saumu ya mwezi wote imejengwa ikiwa na alfajiri na magharibi, daku na futari. Saumu isiyo na futari ina jina jingine, inaitwa njaa. Na ukiwatazama wanaoombwa kufunga miezi 3 ya Tanganyika, ni watu wale wale ambao hata katika miezi tisa iliyobaki wanakula kwa hesabu.

Chukua mama anayeanika. Zamani ndagala walimwagwa mchangani, siku tatu juani, na jioni ukawafagia pamoja na mchanga, na mvua ikinyesha ghafla umepoteza mtaji. Kisha vikaja vichanja, meza za miti zilizotandikwa wavu mwembamba na kuinuliwa juu kufikia kiunoni. FAO ilisaidia kuvieneza huko Mvugo, upande wa Nyanza-Lac, kuanzia mwaka 2004. Hewa inapita juu na chini, jua la siku moja linatosha, samaki anatoka mkavu, anang'aa kama bati jipya, hana mchanga wa kukwaruza meno. Sijui nishati jadidifu iliyo nyepesi kuliko hiyo: miti, wavu na jua. Mama anazunguka kichanja akiwageuza kwa kiganja, anamtoa mdudu, anatenga waliopasuka matumbo kwa bei ya chini. Mbele ya kichanja kitupu, mwezi Juni, ukimwuliza habari za kufungwa kwa ziwa hatakutukana. Atakuambia, "Mwanangu, samaki wazaane, sote tunataka. Lakini ada ya shule haifungwi."

Jibu hilo lina fiqhi nzima ndani yake. Ukitaka kulifunga ziwa, anza kwa kupika futari: mkopo nafuu wa vikundi vya akina mama kabla ya Mei, kazi ya kulipwa ya kupanda miti kingo za mito katika miezi hiyo, chakula kwa mabaharia wa apollo ambao hawana hata wavu wao wenyewe na hulipwa kwa mgao wa samaki. Bila hayo, mwenye chombo kikubwa atasubiri kwa raha, na maskini ataingia majini usiku na chandarua, kwenye maji madogo ambamo vifaranga vinakulia, na atakamatwa yeye.

Tena kuna wasiofunga kabisa. Mifereji ya Bujumbura haisimami tarehe 15 Mei. Maji machafu ya mji, na ya viwanda, na ya karakana zinazomwaga oili, yanaendelea kushuka kama kawaida. Udongo wa Mumirwa unaendelea kushuka pia. Huo ningependa watu wauone kwa karibu, kwenye maji maangavu kusini mwa mji, mahali penye mawe. Jiwe la Tanganyika lililo hai lina utando wa kijani juu yake, laini kama manyoya mafupi, na samaki wadogo wenye mistari wanalichuna kutwa nzima, kila mmoja akilinda eneo lake kwa ukali usiolingana na umbo lake. Ziwa lina aina karibu 250 za samaki wa jamii hiyo, na karibu zote hazipatikani popote pengine duniani. Wengine huwabeba watoto mdomoni, wengine hulea ndani ya kombe tupu la konokono. Sasa nenda karibu na mdomo wa mto baada ya mvua kubwa ya Aprili. Jiwe ni lile lile, lakini limefunikwa vumbi la majini lenye rangi ya matofali. Ukiligusa, wingu linainuka. Mchunaji hana cha kuchuna. Shamba la mtu fulani wa Buyengero, kule juu mitereremkoni, lililokuwa muhogo mwezi uliopita, limekuja kulala juu ya meza ya samaki.

Na yule wa Buyengero si mwovu. Ana mteremko, ana watoto, hana pengine pa kulima.

Juu ya mashamba hayo kuna yale malisho ya hadithi, na sina mengi ya kusema kuyahusu kwa sababu hayakubaki mengi. Hifadhi ya Vyanda ina miombo yake, na huku chini Kigwena ina kipande cha msitu wa uwandani kilichozingirwa na michikichi na vijiji. Sokwe wa Burundi ni ndugu za wale wa Gombe, ng'ambo ya mpaka, ambako Jane Goodall alifika Julai 1960 na ambao dunia nzima inawajua kwa majina. Wa huku hawakuwa na bahati hiyo. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Burundi vilipoanza, sokwe yatima waliokuwa wakitunzwa Bujumbura walihamishwa kwenda Kenya, na kituo cha Sweetwaters, chini ya Mlima Kenya, kilifunguliwa mwaka 1993 kwa ajili ya kuwapokea. Hata wanyama wa nchi hii wana historia ya ukimbizi. Aliyebaki na sifa ni mamba, yule Gustave aliyepewa jina na Mfaransa Patrice Faye, ambaye watu wa ufuko kutoka Ruzizi hadi Rumonge walimwogopa kwa miaka mingi. Nafurahi kidogo, nikiri, kwamba palikuwa na kitu kimoja katika maji haya kisichotuogopa sisi.

Mji wa Rumonge umepata onyo jingine, la maji yenyewe. Kwa mujibu wa Sheria ya Maji ya Burundi ya mwaka 2012, mita 150 kutoka ukingo wa Tanganyika ni za ziwa, hazijengwi. Zimejengwa: nyumba, hoteli, maghala, kila mtu ana hati yake au ana rafiki. Kisha kuanzia karibu mwaka 2019 uso wa ziwa ukaanza kupanda, na mwaka 2024 ulivuka mita 777 juu ya usawa wa bahari, karibu sawa na ule wa mwaka 1964 baada ya mvua kubwa za miaka ya uhuru. Katika mtaa wa Kanyenkoko maji yaliingia ndani ya nyumba, yakakaa. Vyoo vya shimo vikajaa na kuchanganyika na maji ambayo watu huyachota. Mwenye hoteli alijenga ukuta wa mawe. Mwenye nyumba ya tofali bichi alibeba bati zake akahama.

Kuna waliosema ziwa limelipiza kisasi. Mimi siamini maji yana kisasi. Yalipita pale zamani na yanapakumbuka. Kabla ya mwaka 1878 yalikuwa juu zaidi ya leo, kwa kuwa mlango wa Lukuga ulikuwa umezibwa na tope na majani. Ulipozibuka, ziwa lilishuka mita kadhaa katika miaka michache, na fukwe ambazo leo tunazigombania zikatoka majini. Maana yake ni kwamba usalama wa mtu wa Kanyenkoko unategemea mvua ya nchi nne na hali ya mlango mmoja ulioko Kalemie, ambako hajawahi kufika wala hapigi kura. Ushirika wa kwenye hadithi tulifundishwa kuwa ni hisani unayomtendea jirani. Hapa ni hali iliyopo, upende usipende.

Mkataba wa kuusimamia ushirika huo upo. Ulitiwa saini Dar es Salaam tarehe 12 Juni 2003, na Mamlaka ya Ziwa Tanganyika iliyotokana nao ina ofisi zake Bujumbura. Mwaka 2017 shirika la Global Nature Fund lililitangaza Tanganyika kuwa ziwa lililo hatarini la mwaka. Vyama vya kiraia vinapanda miti na mianzi, vinafanya usafi wa fukwe, vinakwenda kwenye mikutano. Burundi ilipiga marufuku mifuko ya plastiki. Siyadharau hayo hata moja. Najua watu wanaoamka saa kumi na moja kwenda kuokota chupa mchangani bila kulipwa. Ila nimekaa kwenye semina za kutosha kutambua kwamba lugha yake haina mahali pa toba. Ina "wadau", ina "changamoto", ina "kujengewa uwezo". Mtu anaweza kuimaliza semina ya siku tatu, akala posho, akarudi kwenye nyumba iliyojengwa mita 40 kutoka majini, na asisikie kwamba ametajwa. Barua ya Papa Fransisko ya mwaka 2015, Laudato Si', angalau ilithubutu kuita dhambi kwa jina lake, na katika nchi yenye Wakatoliki wengi kama Burundi ningetarajia isomwe zaidi ya inavyosomwa. Misikiti yetu nayo isijisifu. Tunayo hadithi ya vitu vitatu, na tumeiacha mkekani.

Upande wa moto, habari njema zinatoka milimani. Mitambo ya Jiji na Mulembwe imejengwa kwenye mito inayoshuka kuja ziwani upande huu, ikiwa na uwezo wa megawati 49 hivi kwa pamoja, na Gitega kuna kituo cha sola cha Mubuga cha megawati 7.5 kilichofunguliwa Oktoba 2021. Kwa nchi ambayo kaya nyingi mno bado hazina umeme, hizo ni namba kubwa. Lakini umeme wa maporomoko unahitaji mlima wenye miti. Mlima ukivuliwa nguo, mto unaleta tope na mashine zinakula tope. Mitambo hiyo basi ina maslahi yale yale na samaki wa kwenye jiwe, na sijui kama wamewahi kuwekwa kwenye sentensi moja na mtu anayepanga bajeti. Huku chini, mawese ya Rumonge bado yanachemshwa kwa kuni, siku nzima, na kuni hizo zinatoka juu. Chini ya ziwa lenyewe wapo wanaoamini kuna mafuta. Kampuni ya Amoco ilitafuta miaka ya 1980. Mwaka 2022 Kongo ilitangaza zabuni ya vitalu ambavyo baadhi yake vilikuwa katika bonde la Tanganyika, na ikaifuta Oktoba 2024. Kufuta zabuni si sawa na kuiacha. Katika maji ambayo tone lake hukaa zaidi ya miaka 400, ningependa neno zito zaidi ya kufuta.

Ningepewa dakika kumi za mawaidha pale Rumonge, Ijumaa ya kwanza ya Mei, kabla mitumbwi haijavutwa juu, nisingeanza na umri wa ziwa wala na mkataba. Ningeanza na vyoo vya mwaloni. Mtume aliwaonya watu kuhusu mahali patatu pa kutojisaidia, penye maji yanayotumiwa na watu, njiani, na kivulini, na akayaita hayo mambo ya kuleta laana. Kipindupindu kinaujua ufuko huu vizuri, kutoka Bujumbura hadi Nyanza-Lac, na kinarudi. Mamia ya watu hushuka mwaloni kabla ya mapambazuko: wavuvi, wachuuzi, wapagazi, watoto wanaookota ndagala walioanguka. Ningewauliza wazee wa kamati vyoo viko vingapi, nani anashika ufunguo, ada ni faranga ngapi, na asiyekuwa nazo saa kumi na moja za alfajiri anakwenda wapi.